Kwa nini baba wa kwenye televisheni lazima awe bwege?

1. Mkazi wa Ukonga (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Jumapili iliyopita usiku, mama watoto akiwa msibani Korogwe, nilimkalisha binti yangu wa miaka sita kati ya magoti yangu ili nimchane nywele za kwendea shule. Nilikuwa na kitana cha meno mapana, kopo la mafuta ya nazi na subira ya kutosha. Kabla sijagusa hata unywele mmoja, aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniambia kwa upole kama mtu anayemsitiri mwenzake asiaibike: "Baba, usijisumbue. Akina baba hawajui." Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema, "Kwenye TV."

Siku saba zilizofuata niliketi naye sebuleni baada ya taarifa ya habari, nikatazama kila kilichopita huku daftari likiwa pajani. Katika tangazo la kiungo cha mchuzi, baba aliunguza sufuria mpaka moshi ukajaa jikoni, mama akaingia akitabasamu na kukiokoa chakula. Katika tangazo la sabuni ya unga, baba alirudi na mtoto, wote wametapakaa tope tangu utosini hadi nyayoni, na mama akawatazama wawili hao kwa jicho moja, kana kwamba wote kawazaa yeye. Katika kichekesho kilichofuata, mwenye nyumba alidanganywa na mkewe, akadanganywa na bintiye, kisha akadanganywa na kijana wa bustani, na kila mara alikuwa wa mwisho kujua. Sikuona hata baba mmoja aliyemvalisha mtoto viatu akavifunga sawasawa.

Nauliza kwa dhati: ni nani aliyeamua kwamba mwanamume akivuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe lazima akili imtoke? Ni biashara, ni mazoea, au ndivyo tulivyo? Naomba majibu ya watu waliolifikiria jambo hili, maana binti yangu amekwisha kuamini.

2. Kijana wa Kisauni

Pole, ndugu yangu, ila naona lawama unaipeleka pasipo pake. Kicheko siku zote humtafuta aliyekaa juu. Katika hadithi za Abunuwasi tulizosimuliwa na mabibi zetu, anayeaibika ni sultani, kadhi au tajiri. Hakuna aliyemcheka mchukuzi wa maji. Baba amekalishwa juu na mila, ndiye mwenye kutoa ruhusa na ndiye anayewekewa firigisi, kwa hiyo akiteleza lazima watu wacheke. Mkitaka asichekwe, mteremsheni kwanza kwenye kiti hicho.

3. Mama Pacha

Kaka wa Kisauni, mfano wako ni mzuri, lakini sultani akiaibika, Abunuwasi huondoka na mfuko wa dhahabu. Nionyeshe mama wa kwenye tangazo anaondoka na nini. Anaondoka na sufuria la kusugua.

Nina pacha wa miezi kumi na minne, na matangazo hayo hayo ninayatazama huku mmoja akiwa mgongoni na mwingine akivuta pazia. Baba akionyeshwa kwamba hawezi kuachiwa mtoto hata kwa nusu saa, maana yake ni kwamba mama hana nusu saa ya kupumzika, kwa sababu hakuna wa kumpokea. Dharau imetupwa kwa baba na mzigo umeniangukia mimi. Mleta mada asidhani kwamba sisi wanawake tunafurahishwa na mambo haya.

4. Mswahili wa Leicester

Hoja ya dada Mama Pacha inakaribiana sana na ile iliyotumika huku Uingereza. Mwezi Juni 2019 ilianza kutumika kanuni inayokataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara au kuwaudhi watu kwa kiwango kikubwa. Agosti mwaka huo huo matangazo mawili ya kwanza yakapigwa marufuku chini ya kanuni hiyo. Moja lilikuwa la jibini ya Philadelphia: akina baba wawili wako kwenye mgahawa ambao vyakula hupita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka, wanashughulishwa na chakula, na watoto wao wachanga wanajikuta wakichukuliwa na mkanda huo pamoja na sahani. Baada ya kumwokoa mwanawe, mmoja wao anasema wasimwambie mama. Watu 128 walilalamika.

Wenye jibini, kampuni ya Mondelez, walijitetea kwamba waliwachagua akina baba kwa makusudi, ili wasirudie mazoea ya kumwonyesha mama peke yake akilea. Utetezi haukukubaliwa, kwa sababu tangazo lilionekana kufundisha kwamba mwanamume hawezi kumtunza mtoto kwa kuwa tu ni mwanamume.

Nililiona tangazo hilo katika chumba cha mapumziko kazini, tukiwa watu watano wa zamu ya usiku. Watatu walicheka. Kijana mmoja, ambaye wakati huo alikuwa akidai mahakamani haki ya kukaa na mwanawe siku mbili kwa wiki, alinyanyuka akaenda kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

5. Mwalimu wa Zamu

Kwa hiyo serikali ya Uingereza imeharamisha kumcheka baba? Hapo siafiki hata kidogo. Leo watakataza baba, kesho watakataza mama mkwe, na mwishowe tutabaki na taarifa ya hali ya hewa.

6. Mswahili wa Leicester

Mwalimu, naomba nirekebishe mambo matatu. Kwanza, chombo kilichoamua si serikali. Ni mamlaka ya viwango iliyoundwa na sekta ya matangazo yenyewe, na hugharamiwa kwa tozo inayokatwa kwa watangazaji. Pili, kanuni inahusu matangazo tu, haigusi vichekesho vya televisheni. Tatu, haikukataza kumwonyesha mwanamke akifagia wala mwanamume akipiga misumari. Miongoni mwa yanayokatazwa ni kudai kwamba mtu atashindwa kazi fulani kwa sababu ya jinsia yake. Nikumbushe pia kwamba tangazo la pili lililofungiwa siku ile lilikuwa la gari la Volkswagen, na kosa lake lilikuwa upande wa pili: wanaume walionyeshwa wakielea angani na kufanya mambo ya ushujaa, na mwanamke akaonyeshwa ameketi kando ya kigari cha mtoto.

7. Mpiga Picha Mstaafu

Nimeshika kamera za matangazo Dar es Salaam na Nairobi kwa miaka kumi na moja, na ningependa kueleza jinsi baba anavyofikia kuwa bwege, maana sikumbuki kikao ambacho mtu alisema, "Leo tuwatukane wanaume."

Tangazo lina sekunde 30. Tatizo lazima litokee mapema, ili bidhaa iingie, itatue, na jina lake lisomeke mwishoni. Tatizo linahitaji wa kulisababisha. Mama hawezi kuwa huyo, kwa sababu wenye bidhaa wanaamini kwamba ndiye anayenunua sabuni na mafuta ya kupikia, na hakuna anayemtukana mteja wake. Dada wa kazi akikosea, inaonekana ni uonevu. Mama mkwe hakuna anayethubutu kumgusa. Mtoto huweza kumwaga maziwa, lakini hawezi kuunguza sufuria. Anabaki baba, ambaye inaaminika hatanuna wala hatapiga simu kulalamika.

Kuna siku moja ambayo hainitoki. Mwigizaji alitakiwa kumfunga mtoto nepi. Kwake alikuwa baba wa watoto watatu, kwa hiyo alimlaza yule mtoto, akamwinua miguu kwa mkono mmoja, akaifunga nepi upesi na vizuri huku akimwimbia. Mwongozaji akasimamisha kazi, akamwambia: "Kosea." Tulirudia mara tisa, mpaka mikono ya yule bwana ikawa kweli haijui ishike wapi, na mtoto akaanza kulia. Kipande hicho cha tisa ndicho kilichorushwa.

Mwezi uliofuata nilimpiga picha bwana huyo huyo katika tangazo la benki. Alivaa suti ya bluu, akawa na sauti nzito na funguo za nyumba mkononi, na hakuna aliyemwambia akosee.

8. Mtoto wa Mlinzi

Hamjambo wote. Mimi niko Kakamega, na nimesoma bandiko la 7 mara mbili.

Wengi wenu mnamkumbuka Papa Shirandula wa runinga ya Citizen, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, aliyetuacha Julai 2020. Ni mlinzi wa lango anayemficha mkewe kazi anayoifanya, akijidai ana kazi ya ofisini. Sasa baba yangu mzazi alikuwa mlinzi Nairobi. Alitoka nyumbani kila jioni akiwa amevaa koti na viatu vilivyong'arishwa, sare ameikunja ndani ya juala, na majirani walijua kwamba anafanya kazi "katika kampuni". Kipindi kilipoanza, nilitaka kuizima runinga kwa aibu. Mzee alinizuia. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akawa ananionyesha kwa kidole: "Tazama vile anaficha kofia! Hivyo ndivyo inavyofichwa!" Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukionyesha hadharani alichokuwa akikibeba ndani ya ile juala.

Kwa hiyo mimi sijui. Mleta mada amemwona bwege, mzee wangu alimwona mwenzake. Labda wanaume wa vichekesho vyetu ni wale ambao ajira iliwakataa lakini bado wanadaiwa karo, kodi ya nyumba na heshima. Mtu wa namna hiyo lazima adanganye, na uongo wake lazima ugundulike.

9. Mwalimu wa Zamu

Ahsante, Mswahili wa Leicester, nimekuelewa. Kwa mtazamo wangu, jambo lote hili tumelirithi kutoka Marekani. Lilianza na The Simpsons mwaka 1989, ambamo baba ni mlafi na mvivu na mke ndiye mwenye busara, kisha kila nchi ikanakili.

10. Msomaji Makini

Mwalimu, umechelewa kwa zaidi ya miaka thelathini. The Honeymooners ilirushwa Marekani mwaka 1955, na mhusika wake, dereva wa basi Ralph Kramden, alikuwa mtu wa kelele na mipango ya utajiri isiyofanikiwa, wakati mkewe Alice ndiye mwenye akili. The Flintstones ya mwaka 1960 iliiga sana mtindo huo. Jambo linalonisumbua ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1950 kulikuwa na kipindi kilichoitwa Father Knows Best, ambacho baba alikuwa mshauri mtulivu. Baba wa huko alikuwa muuza bima mwenye nyumba nzuri; yule mjinga alikuwa dereva wa basi. Linganisheni na alichosema Mpiga Picha kuhusu suti ya benki. Huenda tunajadili tabaka na kulipa jina la jinsia.

Pia huko huko Marekani, mwaka 2012, Huggies walitangaza kwamba nepi zao zimepewa jaribio gumu kuliko yote: akina baba walioachwa na watoto wao nyumbani kwa siku tano. Baba mmoja alianzisha waraka wa malalamiko mtandaoni, wakajiunga mamia ya wengine, na kampuni ikayabadilisha matangazo. Kwa hiyo ile imani kwamba akina baba hawalalamiki ni kweli mpaka siku wanapolalamika.

11. Bi Mkubwa wa Chumbageni

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mmekwenda Marekani na Uingereza mkaliruka limbwata, ambalo liko mlangoni.

Hapa Tanga, tangu mimi msichana, mwanamume akionekana anaanua nguo za mkewe kambani, majirani hunong'ona kwamba amelishwa. Michezo ya kuigiza ya majukwaani, kabla ya televisheni kuingia nyumba hizi, ilikuwa na mume wa namna hiyo: amefunga kanga kiunoni, anatwanga, mkewe amekaa kibarazani anapaka hina, na ukumbi mzima unavunjika mbavu. Kwa hiyo mabwege ni wawili, na mleta mada amemwona mmoja tu. Kuna yule asiyejua kupika, na kuna yule anayepika. Wote wanachekwa, tena yule wa pili anachekwa kwa ukali zaidi, na wanaomcheka ni wanaume wenzake. Matangazo yalipokuja yalimkuta mwanamume amekwisha kufungiwa milango yote miwili.

Marehemu mume wangu alijua kusonga ugali kuliko mimi. Alipousonga, alifunga dirisha.

Na wewe Kijana wa Kisauni, firigisi umeshaanza kuwekewa au bado unaisikia kwa wenzako?

12. Kijana wa Kisauni

Shikamoo, Bi Mkubwa. Bado naisikia kwa wenzangu. Nakubali kwamba lile bwege la pili sikulifikiria, na linaipa hoja yangu tabu kidogo, kwa sababu huyo anachekwa kwa kuteremka. Hata hivyo sijaiacha hoja yangu: anachekwa kwa sababu palikuwa na mahali pa kuteremkia. Mwanamke anayetwanga hachekeshi mtu, kwa kuwa hakuna aliyemtarajia mahali pengine.

13. Mama Pacha

Sentensi yako ya mwisho, kaka, ndiyo inayonikosesha usingizi, na umeiandika kama jambo la kawaida.

14. Baba wa Benchi la Kliniki

Mimi nina kisa kimoja. Mwaka juzi nilimpeleka mwanangu wa miezi tisa kupimwa uzito na kuchanjwa katika zahanati moja jijini Mwanza, kwa sababu mke wangu alikuwa amerudi kazini. Nilikaa kwenye benchi, wanawake kumi na zaidi, mwanamume mimi peke yangu. Zamu yetu ilipofika, muuguzi aliichukua kadi, akatazama nyuma yangu, akauliza mama yuko wapi. Nikamjibu kwamba nipo mimi. Alimpima mtoto, akaandika, kisha akaeleza kuhusu uji na dawa ya minyoo, lakini kila sentensi aliianza kwa "Mwambie mama yake". Nilipouliza swali kuhusu joto baada ya sindano, alicheka, akamjibu mwanamke aliyekaa karibu yangu.

Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Nadhani anatazama televisheni ile ile. Ila msisahau sheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa baba likizo ya siku tatu mtoto anapozaliwa. Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 ilitoa wiki mbili. Siku tatu unaweza kuzimaliza kwa kutafuta usafiri wa kumtoa mama hospitali. Kabla hatujawashutumu waandishi wa vichekesho kwa kusema kwamba baba hajui kulea, tuulize ni lini alipewa muda wa kujifunza.

15. Mtunzi wa Michezo ya Redio

Naomba kusema neno kwa niaba ya sisi tunaoandika.

Wengi wetu ni wanaume. Tukimwandika mwanamke mjinga tunaambiwa tunadhalilisha, na tunastahili kuambiwa hivyo. Tukimwandika mwanamume mjinga hakuna anayeuliza. Pia nyota wa vichekesho vyetu kwa miaka mingi wamekuwa wanaume, na mchekeshaji hutaka nafasi inayochekesha. Ukimpa nafasi ya mwenye busara, ataikataa. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, hakupendwa na watu kwa kuigiza akina baba watulivu wanaosaidia kazi za shule. Mwigizaji wa kike anabaki na kazi ya kushika kiuno na kushangaa, ambayo nayo ni dhuluma, maana wanawake wenye kipawa cha kuchekesha tunao.

Ila kuna jambo zito zaidi ambalo mmelipita haraka. Mwanamume wetu wa kuchekwa karibu kila mara ana lafudhi. Nchini Kenya mlinzi huzungumza kama Mluhya, na kwetu mlinzi ni Mmasai. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kichekesho cha runinga ya Kenya, aliongea Kiswahili cha Mjaluo kwa miaka mingi, na aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Na mtu mzima mwenye wajukuu, akishika fagio katika nyumba ya tajiri, tunamwita "hausiboi" au "shamba boi". Mwenye nyumba ile hata awe na miaka ishirini na mitano ni "bosi". Nimeliandika neno hilo mimi mwenyewe katika michezo isiyopungua ishirini, na mwaka huu nimeacha.

16. Mgane wa Mbagala

Mleta mada, mimi nitajibu kuhusu nywele.

Mke wangu alifariki binti zetu wakiwa na miaka minne na saba. Mwezi wa kwanza niliwanyoa wote wawili, kwa sababu sikuwa na njia nyingine, na yule mkubwa alikwenda shule amejifunga kitambaa cha mama yake. Baada ya hapo nilikwenda kwa jirani yangu, msusi, nikamwomba anifundishe. Wateja wake walicheka, mmoja akanipiga picha kwa simu. Nilijifunzia kwenye kamba za katani nilizozifunga mguuni mwa meza, usiku, watoto wakiwa wamelala. Miezi mitatu baadaye nilisuka twende kilioni iliyonyooka. Mkubwa alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akauliza kama anaweza kuivua ile skafu.

Hadi leo sijaona mtu kama mimi kwenye televisheni, katika tangazo wala katika kichekesho. Sitaki nionyeshwe kama shujaa. Ningetaka tu kupita nyuma ya picha nikiwa na kitana mkononi, na mtu asishangae.

17. Mpiga Picha Mstaafu

Kaka wa Mbagala, katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuleta wazo hilo mezani. Lingeletwa, wangeuliza nani anamfanya mtoto alie.

18. Mkazi wa Ukonga (mleta mada)

Ahsanteni nyote. Nimesoma kila bandiko, na sioni kwamba tumekubaliana. Bandiko la 7 limenishawishi kwamba ni biashara, la 8 limenifanya nimwonee aibu mwanamume niliyemwita bwege kwenye kichwa cha uzi huu, na Bi Mkubwa ameniacha nikijiuliza kama mimi pia nisingefunga dirisha. Kwa Mtunzi: ukiandika mwingine, mpe yule kijana wa bustani jina lake.

Mgane wa Mbagala, mama watoto anarudi Alhamisi. Leo ni Jumanne, na binti amekubali kujaribiwa kwa sharti kwamba akisema basi, niache. Nianzie wapi?

19. Mgane wa Mbagala

Usimsuke nywele zikiwa kavu. Zilainishe kwa maji ya uvuguvugu, kisha mafuta kidogo, uzichane kuanzia ncha kuelekea shinani, usianze shinani. Gawa mistari kwa mkia wa kitana, na leo fanya minne tu, minene. Kila mstari uanzie pajini kuelekea kisogoni. Chukua nywele chache mwanzoni, uongeze kadiri unavyorudi nyuma. Usivute pembeni mwa paji la uso, hapo ndipo panapouma. Mpe kioo akishike mwenyewe, na akisema basi, acha hata kama umebakiza mstari mmoja.

Mstari wa kwanza utapinda. Ufumue, uanze tena.